Siku Niliyotulia Golini

Mimi ni kipa wa ndondo, na ugonjwa wangu hauko mikononi, uko kichwani. Kona ikipigwa, kabla mpira haujanifikia nimeshawaza nitakavyozomewa, magoti yanalegea kama ugali wa udaga.

Beki wetu mmoja, mtu wa kushinda kwenye simu, ndiye aliyeniletea dawa. Akaniambia mwaka 1993 kocha Phil Jackson wa Chicago Bulls, wale wa kikapu kule Marekani, alimwita mwalimu wa kutafakari, George Mumford, awafundishe wachezaji kukaa kimya na kufuata pumzi zao. Kuanzia 1996 wakabeba ubingwa mara tatu mfululizo. Sikuwa na tamaa hiyo. Nilitaka mbuzi mmoja tu, zawadi ya fainali yetu.

Wiki mbili nikawa napanda kwenye jiwe nyuma ya nyumba, Kirumba, hapa Mwanza, alfajiri. Unakaa, unanyoosha mgongo, unahesabu pumzi moja hadi kumi. Akili ikitoroka, usijigombeze, unairudisha kwenye moja. Yangu ikifika pumzi ya tatu iko dukani kwa Mangi, inapekua daftari la madeni. Nilirudi kwenye moja mara nyingi mpaka nikawa na shaka kama kumi ipo.

Fainali ikapigwa Igombe. Wenzangu wakiwa bado wanavaa jezi chini ya mwembe, mimi nikaenda golini, nikavua viatu, nikakunja miguu mstarini na kufumba macho. Upepo wa ziwa, harufu ya dagaa juani... nne, tano. Kelele za mashabiki zikaanza kupungua. Saba, nane. Uwanja ukawa kimya kabisa. Nikasema kumbe ndiyo hii, utulivu umenijaa! Sikujua kwamba uwanja mzima umenyamaza unaniangalia mimi.

Kwenye tisa kitu kikaning'ata pajani. Mafundisho yanasema maumivu yakija yatazame tu, yatapita. Nikayatazama. Hayakupita, yalipanda. Nilikuwa nimekalia njia ya sungusungu (wadudu, si wale walinzi wa jadi, ingawa baada ya dakika mbili na hao ningewahitaji).

Niliruka na ukelele ambao sijawahi kuutoa hata nikifungwa. Nikajipiga makofi mwili mzima, nikazunguka nguzo, bukta ikatupwa kule, nikabaki na boksa mbele ya wazee na watoto.

"Limempanda!" mtu akapiga kelele.

Basi mechi ikasimama. Nahodha wa wapinzani akaapa hachezi na timu iliyoleta majini hadharani. Kamati ya ufundi, alisema, angalau hufanya mambo yake usiku. Vijana wao wakaja na jembe wakafukua pale nilipokaa, wakitafuta hirizi. Mzee mmoja akamwaga chumvi ya mawe mstarini. Mimi nimeshika bukta mkononi, namweleza refa habari za pumzi na Chicago Bulls.

"Hao wa Ilemela au Nyamagana?"

"Wa Marekani, mwalimu. Jina lao maana yake mafahali."

"Mafahali wabaki hukohuko. Hapa tunashindania mbuzi."

Kilichoniuma kuliko sungusungu ni mweka hazina wetu. Alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwa uchungu: "Kaka, ungetuambia tu, tungekuchangia hela ya mtaalamu."

Mpira ukachezwa hatimaye. Straika wao hakukanyaga eneo langu la hatari hata mara moja. Akifika karibu anapiga kwa mbali na kurudi mbio, kama mtu aliyerushia mbwa jiwe. Tukashinda 1–0. Mimi niligusa mpira mara mbili, zote goli kiki, magoti yakitetemeka vilevile.

Kesho yake alfajiri nikapanda jiweni kama kawaida, safari hii baada ya kukagua chini. Nilipofumbua macho, kulikuwa na mama mmoja amesimama, ndoo ya dagaa kichwani, umri wa bibi yangu mzaa mama.

"Shikamoo, mtaalamu," akasema.

Nilitamani jiwe lipasuke linimeze. Biashara yake, alisema, ilikuwa imefungwa na jirani. Nikamkatalia, akakaa. Mwishowe nikamwambia hakuna dawa, mama, wewe nyoosha mgongo, fumba macho, hesabu pumzi zako hadi kumi.

Akahesabu vizuri sana, mpaka kumi, bila kurudi kwenye moja hata mara moja. Kisha akafumbua jicho moja.

"Na kuku, mwanangu, awe wa rangi gani?"