Siku 120, kutoka Kibokoni hadi Indianapolis

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Kibokoni, pwani ya Kenya, shangazi yangu aliharibikiwa na mimba ya miezi mitano. Nyanya alikata kipande cha bafta, kitoto kikaoshwa, kikavishwa sanda, kikazikwa. Baadaye ikaharibika nyingine, ya miezi miwili, na safari hii hapakuwa na sanda wala kaburi. Nikauliza mbona. “Ile ilikuwa bado damu, mjukuu wangu. Roho haijapulizwa,” nyanya akajibu, akaendelea kupepeta mchele. Chuoni nako, yaani madrasa, ustadhi alituandikia kwa chaki: siku 40 tone, 40 pande la damu, 40 pande la nyama, ndipo malaika aje kupuliza roho.

Leo nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee hapa Indianapolis, na somo lile nimelikuta mahakamani.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta haki ya kutoa mimba, Juni 2022, jimbo letu la Indiana halikuchelewa kupiga marufuku, likaacha vipenyo vichache tu. Septemba hiyohiyo wanawake waliofichwa majina, pamoja na Hoosier Jews for Choice, kundi la Wayahudi wa Indiana wanaotetea haki ya kutoa mimba, wakaenda mahakamani kuipinga marufuku hiyo. Kwa Wayahudi wale, maisha ya mama aliye hai hutangulia ya kijusi. Upande wa Kiislamu, siku 120 zikatajwa. Silaha yao ilikuwa sheria ya kulinda dini aliyoitia saini Mike Pence mwaka 2015 akiwa gavana wa Indiana, sheria iliyoshangiliwa na walewale wapinzani wa utoaji mimba! Desemba 2022 jaji akawakubalia walalamishi, na Aprili 2024 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Hoja iliyoninasa ni hii: marufuku haigusi mimba za maabara, ambako mayai yaliyorutubishwa hutupwa. Kama serikali imeweza kuwavumilia hao wa maabara, kwa nini isimvumilie mwenye dini?

Sasa nyumbani, Kenya. Mwaka 2010 makanisa yalipinga rasimu ya katiba kwa mambo mawili makubwa, mimba na mahakama za Kadhi. Tulipambana kufa na kupona kumtetea Kadhi, tukampata, wa ndoa, talaka na mirathi. Kifungu cha 26 nacho kikapita kikisema uhai huanza mimba inapotungwa. Sikumsikia mtu hata mmoja mtaani kwetu akiuliza siku 120 zimeenda wapi. Kusema haki, kifungu hicho kinaruhusu kutoa mimba afya ya mama ikiwa hatarini, na hapo Kenya ni pana kuliko Indiana, japo kwa maandishi.

Mimi si mshabiki wa kutoa mimba. Wapo masheikh wa madhehebu yetu wanaoikataza tangu mwanzo, na huenda ningewafuata hao. Wala dawa ya Wamarekani hainiridhishi: lazima umthibitishie jaji kwamba imani yako ni ya kweli, na asiye na dini anabaki nje mvuani. Lakini angalau wamekiri kwamba saa ya roho kuingia ni suala la imani, na imani si moja.

Juzi nilimsimulia shangazi kwa simu. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

“Kwani ile katiba ilipoandikwa,” akaniuliza, “Waislamu hawakuwamo?”

Walikuwamo, shangazi.