Kwenye Riwaya Hizi, Steringi Ndiye Adui

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua sheria ya kwanza ya muvi: steringi hafi. Atapigwa, atatekwa, atampoteza mke na rafiki, lakini mpaka taa zinawashwa yuko hai. Akifa, basi amekufa kwa kuwaokoa wengine, na huo nao ni ushindi. Ubishi wangu leo ni kwamba riwaya bora za kisayansi za zamani ziliandikwa na watu walioikataa sheria hiyo, na sinema kila inapozigusa huirudisha kwa nguvu. Ndiyo maana nikiulizwa kipi kianze, najibu: tazama filamu kwanza, kisha fungua kitabu. Ukifanya kinyume utanuna bure. Na nitataja miisho bila kuomba radhi, kwa sababu riwaya iliyotoka kabla wengi wetu hatujazaliwa haina siri tena.

Anza na I Am Legend ya Richard Matheson, ya mwaka 1954. Wengi tunaijua kwa sura ya Will Smith: New York tupu, nyasi zimeota barabarani, mtu na mbwa wake wanawinda kulungu katikati ya maghorofa. Filamu ile ya 2007 ni nzuri, sikatai. Nusu yake ya kwanza, yenye mtu mmoja na mbwa mmoja, inakushika koo.

Kitabuni hakuna New York wala daktari wa jeshi. Robert Neville ni mtu wa kawaida aliyekuwa na kazi ya kawaida, anaishi Los Angeles katika nyumba aliyoiziba madirisha kwa mbao na kuitundikia vitunguu saumu. Maradhi yamewageuza watu kuwa wanyonya damu. (Sisi tungesema mumiani, ingawa mumiani wetu walisemekana kutembea na gari la zimamoto.) Mchana wanalala, usiku wanaizunguka nyumba, na jirani yake Ben Cortman, waliyekuwa wakipanda gari moja kwenda kazini, anasimama nje akipiga kelele: toka nje, Neville! Kila usiku, jina lilelile, sauti ileile.

Neville anaamua kujisomea. Anakwenda maktaba, anatafuta hadubini, anajiuliza maswali ambayo filamu za aina hii haziulizi kamwe. Kwa nini vitunguu saumu? Kwa nini msalaba? Siku moja anagundua kuwa msalaba haumtishi Cortman hata kidogo, kwa kuwa Cortman ni Myahudi. Kinachomtisha ni Torati. Basi hofu ile haitoki kwenye mti wa msalaba, inatoka kichwani mwa mgonjwa, kwenye mambo aliyoyaamini akiwa mzima. Kwa mambo madogo kama hayo Matheson anaichukua hadithi ya bibi na kuifanya kesi ya maabara.

Huku akijisomea, Neville anaua. Mchana wanapolala anapita nyumba kwa nyumba na vigingi vya mbao. Msomaji anamshangilia, maana ndiye steringi. Kisha anatokea Ruth, mwanamke anayetembea juani. Kumbe naye anaumwa, na ametumwa kumpeleleza. Wenzake wamepata dawa ya kuutuliza ugonjwa na wanaanza kujenga jamii mpya. Miongoni mwa waliouawa usingizini wamo watu wao, akiwamo mume wa Ruth. Wanamkamata Neville. Akiwa mahabusu anachungulia dirishani, anawaona watu wamejaa barabarani, nao wanamwangalia kwa hofu ileile aliyokuwa nayo yeye kwao. Hapo anaelewa kwamba zimwi linaloingia majumbani mchana na kuua watu vitandani ni yeye. Jina la kitabu linapata maana kwenye mstari wa mwisho kabisa.

Sasa rudi kwenye filamu. Neville wa Will Smith amemkamata mgonjwa mmoja wa kike ili amjaribishie dawa. Mwanamume wao mmoja anajitokeza hadi kwenye mwanga wa jua, ngozi inamuungua, anamkodolea macho. Neville anarekodi kwenye kamera kwamba viumbe hawa wamepoteza kabisa tabia ya kibinadamu. Anayetazama kwa makini anaona kinyume chake: huyu anamtafuta mtu wake. Tena mwisho unaofuata mstari huo ulipigwa picha. Ndani yake Neville anaelewa, anamrudisha yule mwanamke, anaomba msamaha, nao wanaondoka zao. Ukawekwa pembeni, ukaja kutoka kwenye DVD. Sinemani tulipewa bomu la mkono, kifo cha kishujaa, na dawa inayofika salama kwa manusura Vermont. Yaani swali wameliacha ndani ya filamu, jibu lake wamelitoa.

Cha pili ni The War of the Worlds ya H.G. Wells, hadithi ya viumbe kutoka sayari ya Mars wanaoivamia Uingereza kwa silaha ya miale ya joto. Ilitoka kwa mfululizo jaridani mwaka 1897, ikawa kitabu 1898. Weka miaka hiyo kando ya kalenda yetu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Zanzibar kuanzia saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Upande wa Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili aliumia baharia mmoja. Wells hakuwa akiizungumzia Zanzibar, lakini msomaji wa Unguja hahitaji kufafanuliwa silaha ya miale ya joto ni kitu gani.

Mfano wake ulikuwa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia. Kwenye sura ya kwanza kabisa, kabla mgeni yeyote hajatua, anawakumbusha Waingereza wenzake kwamba wenyeji wa kisiwa hicho walifutwa na wahamiaji wa Kizungu katika muda wa miaka 50, kisha anawauliza wana uso gani wa kulalamika watu wa Mars wakija na moyo uleule. Kitabu kilichobaki ni kuwaonjesha. Mtungi wa chuma unatua Horsell, karibu na Woking, kwenye vitongoji vya watu waungwana wenye bustani na magazeti ya asubuhi. Mizinga ya jeshi lililotawala karibu robo ya dunia inateketezwa kama vijiti. Barabara zinazotoka London zinajaa wakimbizi, kila mtu na mzigo wake. Msimulizi hana jina wala ushujaa. Anajificha ndani ya nyumba iliyobomoka, na mchungaji aliye naye anapoanza kupayuka kwa wazimu, anampiga na kumwangusha ili wasisikike. Yule mchungaji anaburutwa na Wamars. Msimulizi anaendelea kuishi na hilo.

Filamu ya 1953 iliihamishia hadithi California, ikawanyang'anya Wamars miguu mitatu ya vyombo vyao, ikawarushia bomu la atomiki bila mafanikio, ikaishia kanisani. Ilipata Oscar ya mbinu maalumu za picha, na kwa wakati wake ilistahili. Steven Spielberg mwaka 2005 alirudisha miguu mitatu na kumpa Tom Cruise kazi ya kuendesha kreni bandarini. Saa ya kwanza ya filamu hiyo naiheshimu sana: watu wanageuka vumbi, na baadaye nguo zao tupu zinadondoka taratibu kutoka angani, hakuna anayesema neno. Bado kuna kasoro moja ambayo filamu zote mbili zinashiriki. Zote zinaanza na sauti nzito ikisimulia, kwa kufuata maneno ya Wells, habari za akili za mbali zinazotutazama. Zote zinairuka Tasmania. Ukiondoa sentensi zile chache, kinachobaki ni Wamarekani wanaoonewa na wageni bila sababu, na hadithi ya namna hiyo tunazo za kutosha.

Frankenstein ya Mary Shelley, ya 1818, nayo imefanyiwa hivyohivyo. Zimwi la Boris Karloff katika filamu ya 1931 linanguruma tu. La kitabuni linaongea kuliko kila mtu: limejifunza lugha kwa kuchungulia familia maskini kupitia ufa wa ukuta, limemsoma mshairi Milton, na linapomkuta muumba wake kwenye barafu za milimani linamhoji kama wakili, kwa nini aliliumba kisha akalikimbia. Filamuni linamtupa mtoto wa kike ziwani, anazama. Kitabuni linamwokoa msichana anayezama mtoni, na shukrani yake ni risasi. Fanya hesabu mwenyewe.

Nisije nikaonekana mtu wa vitabu tu: kwa Planet of the Apes filamu imeshinda. Mfaransa Pierre Boulle aliiandika riwaya hiyo 1963, na ina mambo matamu sana. Nyani wake wanaendesha magari na ndege, wana lugha yao, na mwandishi wa habari Ulysse Mérou inambidi ajifunze lugha hiyo ndani ya kizimba mpaka aweze kuhutubia kongamano la wanasayansi wao. Wakati huohuo Profesa Antelle, mwenye akili kuliko wote waliosafiri, amegeuka mnyama katika bustani ya wanyama, hataki hata kutolewa. (Filamu ya 1968 nyani wanaongea Kiingereza na Charlton Heston haoni ajabu yoyote. Angejiuliza mapema, muvi ingekwisha nusu saa.) Lakini mwisho wa Boulle ni mzaha wa kijanja, unatabasamu na kufunga kitabu. Mwisho wa filamu, Heston amepiga magoti ufukweni mbele ya Sanamu ya Uhuru iliyozikwa mchangani, ndio uleule ninaoupigania hapa tangu mwanzo: steringi anagundua kwamba waliofanya haya ni watu wake mwenyewe. Mara moja Hollywood ilikuwa na uchungu kuliko mwandishi.

Kuhusu Blade Runner na Do Androids Dream of Electric Sheep? ya Philip K. Dick, ya 1968, ugomvi hauna maana, ni kazi mbili tofauti. Filamu ya 1982 ni mvua, taa na muziki. Kitabu ni mbuzi. Nasema kweli. Wanyama karibu wote wamekufa, kumiliki aliye hai ndiyo heshima ya mtu mbele ya majirani, na Rick Deckard anaona aibu kwa sababu kondoo wake wa juu ya paa ni wa umeme. Anawawinda androidi, roboti wenye sura ya binadamu, ili apate fedha, akizipata tu anakwenda kununua mbuzi jike kwa mkopo. Androidi Rachael anapotaka kumwumiza, anamfuata huyo mbuzi juu ya paa na kumsukuma chini. Sijui kwa nini mwongozaji Ridley Scott aliliacha tukio hilo. Mfugaji yeyote wa Dodoma angelia.

Wells na Shelley hawana tena hakimiliki, kwa hiyo wanapatikana bure na kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Kiingereza chao ni cha zamani, kina mizunguko, lakini Wells anasomeka kirahisi kuliko unavyodhani. Matheson itabidi ununue au uazime. Ni kitabu chembamba, wikendi moja kinakwisha.

Humohumo mtandaoni utakutana na Five Weeks in a Balloon ya Jules Verne, ya 1863, na utavutiwa kwa sababu puto lake linaruka kutoka Zanzibar. Sikipendekezi. Verne hakuwa amekanyaga bara hili, aliokoteza kwa wavumbuzi wa Kizungu kama Burton na Speke pamoja na dharau zao zote, na wazungu wake watatu wanatutazama kutoka juu kwa kila maana ya neno hilo. Kuna sura wanashukia Kazeh, maeneo ya Tabora ya leo, wenyeji wanadhani puto ni mwezi umeteremka. Daktari aliye kwenye puto anapelekwa kwa sultani mahututi, mara mwezi wenyewe unachomoza na inabidi wakimbie. Mtu wa Tabora aisome sura hiyo moja, ajue mji wake ulikuwa ukitungiwa nini Paris. Filamu yake ya 1962 usiipotezee bando.