Fomu Inauliza Mita za Mraba, Fensi Inauzwa kwa Mita

Fomu nyingi za makandarasi wa fensi zinazozunguka mtandaoni zinaudhi. Jina, simu, barua pepe, "ukubwa wa eneo", kisha kisanduku kikubwa kilichoandikwa "tueleze mahitaji yako". Mteja wa Kibaha anaandika "kiwanja mita za mraba 600, nataka fensi", anatuma, halafu anapigiwa simu na kuulizwa kila kitu upya. Sasa fomu ilikuwa ya nini?

Mita za mraba hazikwambii fensi ni ndefu kiasi gani. Kiwanja cha mita za mraba 600 kikiwa 20 kwa 30, mzunguko wake ni mita 100. Kikiwa 15 kwa 40, ni mita 110. Kikiwa kile kipande chembamba cha 10 kwa 60 ambacho hubaki mashamba ya pembezoni yakikatwakatwa, ni mita 140. Eneo ni lilelile, lakini umeongeza mita 40 za waya, nguzo zaidi ya kumi, na mashimo yake yote. Shambani ndiyo balaa zaidi. Ekari moja ya mraba kamili ina mzunguko wa mita 254 hivi. Ekari hiyohiyo ikikatwa kwa upana wa mita 20, mzunguko unafika karibu mita 445. Na wengi bado wanapima ekari kwa hatua 70 kwa 70, wakati hatua ya mtu mfupi na ya mtu mrefu hazilingani.

Uliza upande mmoja mmoja, basi! Kwenye Google Forms, ambayo ni bure, weka maswali manne ya jibu fupi: upande wa mbele, wa nyuma, kulia, kushoto. Yabane yapokee namba tu, iliyo kubwa kuliko sifuri. Ongeza la tano lisilo la lazima kwa wenye viwanja vya pembe tano. Kabla ya hayo, mteja achague kipimo: mita, futi au hatua. Ukiruka swali hilo, mtu atakuandikia "50 kwa 100" na wewe ubaki unabahatisha. Kwa futi huo ni mzunguko wa mita 91. Kwa mita ni 300.

Kisha geti: upana wake, na liko upande gani. Wengi wanauliza upana peke yake, na hapo ndipo hesabu ya nguzo inapoharibika. Chukua kiwanja cha 20 kwa 30, geti la mita 4 katikati ya upande wa mita 30, nguzo kila mita 3. Ukigawa kijumla, mita 96 kwa 3, unapata nafasi 32 na nguzo 33. Lakini fensi haikati kona: kila kona na kila ukingo wa geti lazima uwe na nguzo, kwa hiyo kila upande unahesabiwa peke yake. Upande wa mita 20 unataka nafasi 7, na ziko pande mbili za hivyo. Upande mzima wa 30 unataka 10. Upande wa geti umegawanyika mita 13 na 13, nafasi 5 kila kipande. Jumla ni nafasi 34, nguzo 35. Kila kona inataka mihimili miwili ya kuegemeza, kila nguzo ya geti mmoja: hiyo ni 10 mingine. Mkandarasi aliyeandika 33 kwenye makadirio atazitoa pungufu hizo mfukoni mwake, au atatanua nafasi na waya utalegea. Kwenye Google Sheets, jedwali ambamo majibu ya fomu huingia, tumia ROUNDUP, inayopandisha namba hadi nzima inayofuata, kwa kila upande peke yake, ndipo ujumlishe. Waya wa roli za mita 18 nao ni roli 6, maana 5 zinafika mita 90 tu.

Mengine ni mafupi. Igawe fomu kwa sehemu ili aliyechagua seng'enge aulizwe idadi ya mistari na kama anafuga ng'ombe au mbuzi, na wa fensi ya umeme aulizwe kama umeme umeshafika kiwanjani. Picha usizipokee ndani ya fomu: swali la kupakia faili linamlazimisha mteja aingie kwenye akaunti ya Google, na wengi wataishia hapo. Weka kiungo cha WhatsApp kwenye ujumbe wa mwisho. Safu ya simu kwenye Sheets iweke kama maandishi, la sivyo sifuri ya mbele inaweza kupotea. Lokesheni ichukuliwe kwa kubonyeza kiwanja chenyewe kwenye ramani, maana anayejaza akiwa Kariakoo atakutumia Kariakoo. Namba ya NIDA na nakala ya hati huzihitaji kukadiria waya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji.

Haya, nakubali: hakuna fomu itakayoona mwamba chini ya udongo, wala ule udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi nguzo zinalala. Kwenda kuona eneo kunabaki palepale. Ila nenda ukiwa na namba mkononi.

Swali moja karibu hakuna anayeliuliza, nalo ndilo la kuanza nalo: je, bikoni zote, yaani alama za mipaka alizoweka mpima, zinaonekana? Majibu yawe ndiyo, baadhi, hapana, sijui. Atakayejibu lolote lisilo ndiyo, fomu impeleke kwenye ukurasa unaomwambia amtafute mpima kwanza, na bei asitumiwe. Nguzo ya zege iliyozama sentimita 60 kwenye kiwanja cha jirani haihamishwi. Inavunjwa, na anayedaiwa nguzo nyingine anaweza kuwa mkandarasi.