Tanzia ya Mtu Aliyekwenda Kununua Unga

Kwa watu wengi wa Mikindani, mtu aliye hai hupigwa picha ya rangi. Picha nyeusi na nyeupe ni za babu zetu waliokwisha kutangulia, wale wanaotutazama kutoka ukutani wakiwa wameshika bakora, na kwa kuwa sisi hatukuwahi kuwaona kwa namna nyingine, imekuwa kama kwamba rangi ni kitu ambacho mtu hukiacha duniani pamoja na viatu vyake. Jambo hili hakuna aliyenieleza nilipoamua kuwapiga picha waoka mikate wa tanuri moja lililo nyuma ya nyumba za kale za mawe, karibu na ghuba, na hata kama ningeelezwa nadhani ningeendelea vilevile, kwa sababu kazi inayofanywa usiku kati ya moto na unga haina haja ya rangi.

Tanuri lenyewe ni la udongo na mawe ya matumbawe. Kuni za mkorosho huwashwa ndani yake hadi kuta zishike moto sawasawa, kisha makaa hukokotwa nje, sakafu hupanguswa kwa gunia bichi, na mikate huiva kwa joto lililobaki kwenye kuta. Kabla ya kuingiza trei ya kwanza, mzee mwenye tanuri hurusha ndani unga kidogo wa ncha za vidole. Ukiwa mweusi papo hapo, tanuri bado lina hasira na watu wote hukaa chini kusubiri. Ukigeuka kahawia polepole, kazi huanza. Nakiri kwamba hiyo ndiyo rangi pekee iliyokuwa na maana ndani ya chumba kile, nayo picha zangu zisingeweza kuionyesha.

Rangi nyingine zote zilikuwa kero tupu: ndoo nyekundu, beseni la bluu, kalenda ya duka la vipuri, na vijana wawili wa kukanda unga, mmoja akiwa na jezi ya Simba na mwenzake ya Yanga. Niliiweka kamera yangu ionyeshe nyeusi na nyeupe tangu mwanzo ili jicho langu lisihangaishwe na ndoo. Vijana walipoomba kuziona picha za kwanza, waligundua kwamba wekundu wa Simba na ukijani wa Yanga umekuwa kijivu kilekile, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja wakaungana kulalamika. Yule wa Yanga aliniuliza, kwa heshima zote, kama kuna namna ya kuandika pembeni nani ni nani.

Nilikuwa nimefika saa nane za usiku, na robo saa nzima sikupiga picha hata moja. Kamera ilikuwa imelala katika chumba chenye kiyoyozi, nami nikaitoa ghafla mbele ya tanuri, hivyo kioo cha lenzi kikafunikwa na ukungu, na kila nilipokipangusa kwa pindo la shati ukungu ulirudi kana kwamba umeitwa. Mzee alinitazama kwa huruma ya mtu aliyezoea kusubiri vitu, kisha akasema, “Iweke pale karibu na madonge, bwana mpiga picha, nayo iumuke kwanza.” Niliiweka, na baada ya muda ikawa safi, ushauri ambao sikuupata katika kitabu chochote cha upigaji picha.

Tatizo la pili lilikuwa unga. Kipima mwanga cha kamera kina tabia ya kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kwa hiyo kikiona meza iliyojaa unga hupunguza mwanga mpaka unga uonekane kama saruji, na uso wa mtu mweusi aliyeinama juu ya meza hiyo hupotea kabisa. Nilikipuuza kipimo, nikaongeza mwanga hadi nyuso zikatokea, nikakubali unga wa pembezoni mwa meza ugeuke kuwa weupe mtupu usio na chembe. Wakati mimi nikihangaika na hayo, mzee alikuwa amekwenda kubadilisha nguo. Alirudi akiwa na kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya vito na koti, akasimama mbele ya tanuri lake, mikono imenyooka mapajani na macho yamekodolewa, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nilimweleza kwamba ninamtaka akiwa kazini. Alijibu kwamba kazini ndipo hapo, na kweli, hoja yake haikuwa na pa kushika.

Ilibidi mikate initetee. Harufu ya trei ya kwanza ilipoanza kubadilika, mzee aliitupa heshima ya kanzu kwenye kigingi, akabaki na singlendi, akajifunga kitambaa cheupe kichwani na kukipitisha chini ya kidevu ili jasho lisidondokee boflo, akainamia mdomo wa tanuri na mti wake mrefu wenye ubao bapa. Unga ulikuwa umempaka mashavu yote mawili. Joto lilimpiga usoni, akafumba macho, na nyuma yake kulikuwa na giza tupu. Nilipiga. Sura ile ilikuwa na utulivu ambao sijapata kuuona kwa mtu yeyote anayefanya kazi, na naishikilia picha ile mpaka leo kuwa ndiyo bora kuliko zote nilizopiga mkoani Mtwara, ingawa sasa ninaelewa kwamba uso mweupe, macho yaliyofumbwa na kitambaa kilichofungwa kidevuni ni mambo matatu ambayo yasingefaa kukutana katika picha moja.

Asubuhi niliipeleka mjini Mtwara kuchapishwa kwa ukubwa na kutiwa fremu. Kijana wa duka la picha aliitazama, akanyamaza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka maandishi. Nilimwambia aandike “Mzee Wetu wa Mikate”. Akaniuliza mwaka wa kuzaliwa, nami nikamtajia, 1951, kwa kuwa nilikuwa nimeuandika katika daftari. Nilipokwenda kuichukua, fremu ilikuwa nyeusi, na chini ya picha palikuwa pamechapwa jina, mwaka 1951, kistari, kisha nafasi nyeupe. Nilipouliza kistari kile ni cha nini, kijana alinieleza kwa upole kwamba ameacha nafasi, maana itahitajika siku moja na kuchapisha upya ni gharama.

Siku iliyofuata alasiri niliipeleka picha Mikindani. Mzee hakuwepo; unga na hamira vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo alikuwa amekwenda mjini kununua, na simu yake alikuwa ameizima ili kutunza chaji. Mke wake naye alikuwa amekwenda kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Kijana wa Yanga alikuwa amefunga mlango wa tanuri, jambo ambalo halitokei kwa kawaida, na kwa kuwa ndani palikuwa na joto aliona afadhali picha ikae nje barazani, juu ya meza. Alileta kiti, akakiweka pembeni. Ili nzi wasiichafue, aliifunika nusu kwa kile kitambaa cheupe cha kufunikia madonge.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye kapu. Alisimama, akautazama mlango uliofungwa, akaitazama picha, akavuta kanga yake kichwani.

“Ilikuwa lini, mwanangu?” aliuliza.

“Usiku wa kuamkia jana, mama,” alijibu kijana.

“Ghafla hivyo?”

“Ghafla kabisa. Mwenyewe alikuwa hata hajajiandaa, alitaka avae kanzu kwanza.”

“Yarabi! Alisema neno lolote?”

“Alisema trei ya pili isicheleweshwe.”

Mama yule alianza kulia. “Mpaka dakika ya mwisho anafikiria watu,” alisema. “Sasa yuko wapi?”

“Yuko mjini. Ataletwa jioni na gari la unga.”

Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale, chini ya mwarobaini, nikiona kwamba picha yangu imemtoa mtu machozi, jambo ambalo wapiga picha hulisubiri maisha yao yote. Mama aliondoka mbio. Baada ya muda mfupi walikuja wengine, kisha wengine zaidi, wanawake wakaingia ua wa nyuma na mikeka, wanaume wakajipanga barazani, nami nikaanza kufikiri kwamba watu wa Mikindani wana mapenzi makubwa na sanaa kuliko nilivyowadhania. Mtu mmoja alinishika mkono na kuniambia, “Pole sana.” Nilimshukuru, nikamwambia kwamba kilichonisumbua zaidi ni ukungu.

Kulikuwa na mzee wa mtaa ambaye hakuridhika. Alisema waziwazi kwamba kuweka picha msibani si desturi yetu, kwamba vijana wa siku hizi wanaiga mambo ya kwenye televisheni, na kwamba jambo baya kuliko yote ni kumchelewesha maiti tangu usiku wa kuamkia jana. Ndipo nilipolisikia neno lile vizuri. Nilitazama huku na huku. Bakuli la rambirambi lilikuwa limewekwa mbele ya picha yangu na lilikwisha kuingia noti, majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, na bwana mmoja mwenye tepu ya kupimia alikuwa akiniuliza kama sanda imekwisha kununuliwa au anunue yeye.

Nilisimama ili niseme. Hata hivyo mzee wa mtaa naye alikuwa amesimama, na mbele ya watu wazima wote wale sikuweza kumkata kauli. Alitangaza kwamba kabla ya mazishi ni lazima mambo ya madeni yaeleweke: anayemdai marehemu aseme, na anayedaiwa na marehemu pia aseme. Muuza kuni alisimama na kusema anadai mzigo mmoja wa mkorosho, mashahidi wapo. Kwa upande wa pili pakawa kimya kwa muda, kisha mtu mmoja akainuka, akasema yeye alikuwa akidaiwa mikate ya mfungo mzima wa Ramadhani, lakini marehemu, Mungu amrehemu, alimsamehe wiki iliyopita. Akainuka wa pili, naye alikuwa amesamehewa. Wa tatu alisamehewa vilevile, na akaongeza kwamba marehemu alikuwa amemwahidi mikate ya bure hadi mwisho wa mwaka. Kijana wa Simba, aliyekuwa ndiye mweka daftari la madeni, aliandika kila jina kwa uaminifu.

Gari la unga lilikuja likiwa na mzee amekaa juu ya magunia. Alipoona turubai, mikeka na majembe nyumbani kwake, hakuuliza swali, aliruka chini, akajishika kichwa, akalia, “Mke wangu! Nimeondoka asubuhi akiwa mzima!” Watu waliokuwa karibu, bila kugeuka kumtazama, walimshika mabega, wakamwambia ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Wakati huohuo mke wake alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, ameambiwa na wanawake kwamba mumewe hayupo tena, na sauti yake ilipopanda, mzee aliinua kichwa. “Hiyo ni sauti yake,” alisema. “Sasa aliyekufa ni nani?”

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu sasa walikuwa wamemwona. Mwenye tepu aliiacha ikajikunja yenyewe kwa mlio mkubwa. Mzee alipita katikati ya watu, akafika mezani, akakiinua kitambaa cha madonge, akajitazama kwa muda mrefu.

“Mikate iko wapi?” aliuliza hatimaye, akinigeukia. “Usiku kucha nimeoka, na katika picha hakuna hata mkate mmoja.”

Nilimweleza kwamba mikate iko ndani ya giza, mbele ya ubao.

“Na huu mstari baada ya 1951 ni wa nini?”

“Ni nafasi, mzee,” nilisema.

Hakusema neno juu ya hilo. Alikaa kwenye kile kiti kilichokuwa pembeni ya picha yake, akaomba daftari, na kijana wa Simba akamsomea orodha yote, jina kwa jina, pamoja na siku ambayo kila mmoja alisamehewa. Wengi walikumbuka kwamba wana safari. Mwenye deni la Ramadhani, aliyekuwa amekaa mkeka wa mbele na hakuwa na pa kupita, alilipa papo hapo. Wa tatu alijaribu kueleza kwamba ahadi ya mikate ya bure aliipata ndotoni. Muuza kuni ndiye peke yake aliyetoka na heshima, kwa kuwa deni lake lilikuwa la kweli, nalo lililipwa. Fedha za bakuli zilizua ugomvi wa aina yake, maana zilipotakiwa kurudishwa, jumla ya walizosema wametoa ilizidi mara mbili zile zilizokuwemo, hivyo mzee wa mtaa akaamua ziongezwe kwenye unga na kila mtu apewe mkate alfajiri.

Watu walipopungua, yule mama wa kwanza alisogea na kapu lake, macho bado mekundu.

“Shikamoo, mzee,” alisema. “Basi kwa kuwa u hai, nitachukua miwili kesho. Niandikie.”