Boti za MAS: nguvu ilikuwa kwenye ukimya

Wapenzi wa manowari tukikutana, swali la kwanza huwa lile lile: ina mizinga mingapi? Kwa boti ndogo za kivita za Italia zilizoitwa MAS, naona swali hilo linatupoteza.

Zilianza kuundwa Venice wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zilikuwa za mbao, urefu wa mita 16 hivi, na ziliendeshwa kwa petroli. Baadhi zilifungwa mzinga wa milimita 47, bunduki za rashasha na mabomu ya kulipua nyambizi. Hizo zilifaa kwa doria, lakini mzinga kama huo mbele ya manowari kubwa ni sawa na kumrushia kiboko kokoto. Boti za kutisha zilikuwa zile zilizobeba torpedo mbili, yaani makombora yanayosafiri majini.

Chukua alfajiri ya 10 Juni 1918, karibu na kisiwa cha Premuda katika Bahari ya Adriatiki. Maofisa wa Italia, Luigi Rizzo akiwa na MAS 15, pamoja na Giuseppe Aonzo wa MAS 21, walikuwa wakirudi kambini walipoona moshi. Ilikuwa manowari ya Austria-Hungaria, Szent István, ya tani zipatazo 20,000, yenye mizinga 12 ya milimita 305, imezungukwa na walinzi wake. Rizzo hakukimbilia shabaha. Alipunguza mwendo, maana boti ikienda kasi hutimua povu jeupe kwenye omo, yaani mbele, na povu hilo lingemfichua. Akapenya katikati ya walinzi polepole, akafyatua torpedo zote mbili. Zote zilipiga.

Hapo ndipo kasi ilipohitajika, ya kutorokea. Adui mmoja alimfukuza. Rizzo akadondosha bomu nyuma ya tezi, likalipuka, na yule akageuka. Torpedo za Aonzo hazikuidhuru Tegetthoff, manowari ya pili katika msafara huo. Ilipofika saa 12 asubuhi hivi Szent István ilipinduka, ikafa na watu 89. Amiri Horthy, kamanda wa meli za Austria-Hungaria, akafuta shambulio lake zima dhidi ya kizuizi cha Otranto, ambacho Italia na washirika wake walikiweka kufunga mlango wa Adriatiki. Mizinga ile 12 haikumfaa kitu.

Ndiyo maana sivutiwi sana na MAS za Vita Kuu ya Pili, zilizopita noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa. Kasi hiyo ilitaka bahari shwari, na mawimbi ya Mediterania yaliwatesa mabaharia wake hadi Italia ikaunda boti kubwa zaidi, kwa kuiga boti zilizotengenezwa Ujerumani ambazo Italia iliziteka kutoka kwa Yugoslavia.

Ninayoipenda ni MAS 213, mkongwe aliyebaki tangu vita vya kwanza. Tarehe 8 Aprili 1941, siku ile ile bandari ya Massawa, Eritrea, ilipoangukia mikononi mwa Waingereza na washirika wao, boti hiyo iliipiga kwa torpedo manowari ya Uingereza Capetown katika Bahari ya Shamu. Capetown haikuzama, lakini ililazimika kukokotwa hadi Port Sudan.