Uso wa Madame X ni wa nani?

Juzi kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, huko Mkomani, Lamu, mlangoni aliketi mama mmoja na kikapu mapajani. Kila simu aliibandika kikaratasi chenye namba, akaitia ndani. Bibi harusi angekaa kitini kichwa wazi, mikono imejaa hina na piko, na asitoke mtu na sura yake. Nikamkumbuka John Singer Sargent.

Huyu ndiye mchoraji aliyekimbiliwa na matajiri wa Paris, London na Boston. Mwaka 1884, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, alitundika picha ya Virginie Gautreau, mke wa mwenye benki: gauni jeusi, ngozi nyeupe pe, kamba moja ya gauni imemteleza begani. Jina halikuandikwa, lakini nani asiyemjua? Watu wakacheka, wakasonya. Mama yake mzazi akaenda kwa Sargent kumsihi aiondoe. Akakataa, alimchora, alisema, kama alivyovaa.

Wanaomtetea wana hoja. Picha haikuagizwa wala kulipiwa. Yeye ndiye aliyemwomba bibi yule akae achorwe, naye akakaa vikao vingi kwa ridhaa yake. Alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa, na kuchoka kukaa kulimshinda kuliko haya. Mchoraji akiwa wa kumfuata kila mama mzazi, atachora maua tu.

Sawa, lakini kukubali kuchorwa si kukubali kila kitakachotoka. Na aibu yenyewe hawakugawana. Sargent alihamia London, na miaka michache baadaye mabwana na mabibi wa Uingereza wakawa wanapanga zamu kwake. Bibi Gautreau alibaki na masimulizi. Kisha kuna ile kamba: baada ya maonyesho Sargent aliipandisha begani kwa brashi yake mwenyewe. Kama hakukuwa na kosa, alikuwa anarekebisha nini?

Aliiweka picha hiyo kwake miaka zaidi ya 30. Mwaka 1916, Bibi Gautreau ameshafariki, Sargent aliiuzia Metropolitan Museum ya New York, akataka isiitwe kwa jina la bibi yule. Ndiyo hiyo Madame X. Sitara aliijua, basi, ila ilichelewa.

Usiku ulipokwisha tukapanga foleni kwenye kikapu. Bibi harusi akamvuta dada yake pembeni: “Nipige moja. Kwa simu yangu.”