Nakuru si flamingo peke yake

Uliza mtu yeyote ndege wa Nakuru ni gani, atakujibu flamingo kabla hujamaliza swali, na ni sawa wanapendeza, lakini leo nataka tuongee kuhusu ndege mmoja mdogo wa rangi ya mchanga ambaye hata huko ziwani hana haja nako. Yeye anataka pakavu, mawe na nyasi fupi, ile ardhi ya kuanzia Gilgil kuja Elmenteita ambayo watu wakipita na matatu wanasema hapa hakuna kitu. Vitabu vinamwita mhozi wa kaskazini, Oenanthe oenanthe.

Anasimama wima juu ya jiwe ama kichuguu, anatikisa mkia, anashuka, anakimbia kidogo, anasimama tena, hapo anadona mende, sisimizi, mchwa, panzi, viwavi. Akiruka ndio unaona ule weupe juu ya mkia na alama nyeusi kama T iliyopinduliwa.

Sasa sikia hii. Wengine wao wanatoka Alaska, kule kaskazini kabisa ya Marekani! Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Franz Bairlein wa Ujerumani walitoa matokeo baada ya kuwafunga hawa ndege vifaa vidogo vya kufuatilia safari, na wale wa Alaska walikuwa wamevuka Asia na jangwa la Arabuni mpaka Afrika Mashariki, kama kilomita 14,500, na hiyo ni kuja tu, bado kurudi. Ndege wa gramu 25 hivi jamani, lazima wawe 20 ndio wafikie pakiti ya chumvi ya nusu kilo.

Huku wanaonekana kuanzia Septemba, Oktoba hivi, na ikifika Aprili wengi washaenda. Miezi hiyo yote wanalishwa na wadudu wa hii ardhi yetu.

Ndio maana naumia nikisikia shamba la mawe likiitwa ardhi iliyokaa bure. Likishaitwa hivyo jua tingatinga iko njiani, huyu anachimba mawe ya mjengo, yule anamwaga taka, na hakuna wa kuuliza kwa sababu hakuna mti uliokatwa. Nyumba tunazihitaji, sipingi. Wachungaji pia sina shida nao, mifugo ikila nyasi zikabaki fupi mhozi anawaona wadudu vizuri zaidi. Shida yangu ni kuchimba kilima mpaka kiishe na kupiga dawa za wadudu ovyo, sasa huyu ndege akishafika na hiyo njaa yote ya safari atakula nini?

Na tuko na wetu wa kudumu, mhozi wa Schalow, ambaye dunia nzima anapatikana Kenya na kaskazini mwa Tanzania tu, nenda Hell's Gate pale Naivasha umtafute kwenye mawe. Huyo hana Alaska ya kurudi. Kaunti ikikaa chini kupanga ardhi, naomba sehemu za mawe ziandikwe kuwa makao ya ndege, na wale vijana wanaotembeza watalii wafundishwe kuwaonyesha wageni ndege hawa wawili.